Wengine Wanakuja, Bendi ya Mume Wangu na Mdogo Wangu

Siku hizi nalala fofofo mpaka mume wangu anitikise bega mara mbili. Nikiulizwa nasema ni umri. Uongo huo. Ukweli ni kwamba mwaka jana nilipitisha wiki nyingi macho makavu, nimebana kifuani siri ya mtu, na sasa nimeitua. Kwa hiyo mnisamehe nikicheka mahali pasipochekesha, ndivyo alivyo mtu aliyetoka kutua mzigo.

Siri ilikuwa ya mume wangu na habari hii ni yake, ingawa yeye asingeisimulia hata ungembembeleza mwaka mzima. Ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha ya nondo, vitanda vya chuma, ngazi za kuzunguka. Ukipita mtaani kwetu, nusu ya vyuma unavyovishika vimepita mikononi mwake. Wenzake wa karakana walimbatiza Cheche, kwa utani tu, maana mwenyewe hana cheche hata moja. Ni mpole, mzito wa maneno, anaweza kula mpaka sahani ikawa nyeupe asiseme kitu zaidi ya kuomba chumvi. Nilimpendea hilo. Nimezaliwa katika nyumba ya wapayukaji, na mimi ndiye nahodha wao, kwa hiyo nilipompata mwanamume anayenyamaza nikadhani nimeiona pepo. Baadaye nikajifunza kwamba kunyamaza kuko kwa namna mbili.

Namna ya pili niliiona mwaka wa tatu wa ndoa yetu, karakana aliyokuwa ameajiriwa ilipofungwa. Hakugomba, hakulewa, hakulia. Aliweka kiti kibarazani, akakaa. Miezi minne. Nikimwuliza jambo ananijibu kwa kichwa. Ungemwona ungedhani anamsubiri mtu, lakini hakukuwa na mtu wa kuja. Niliogopa, jamani, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote. Mtu akigombana nawe unajua pa kumshika. Aliyenyamaza vile sikujua nimshike wapi.

Aliyemtoa kwenye kile kiti ni mdogo wangu. Alikuja kukaa kwetu baada ya mama yetu kufariki, akiwa chuoni anasomea kuchora ramani za nyumba. Mwembamba, na penseli haimtoki sikioni hata akienda mazikoni, ndiyo maana kila mtu anamwita Penseli. Alikuja na begi moja na gitaa la umeme lililopasuka ubavu. Mume wangu alilitazama lile gitaa siku mbili. Siku ya tatu akainuka, akalichukua bila kuomba, akaliziba kwa gundi na kipande cha bati. Wiki iliyofuata nikamkuta gerejini amejipangia ndoo, mapipa na vifuniko vya sufuria zangu, anapiga, na mdogo wangu yuko mbele yake na gitaa. Sufuria zangu nzuri, nawaambieni. Lakini siku hiyo mezani mume wangu alinieleza kirefu jinsi pipa lililokatwa nusu linavyolia tofauti na pipa zima, na mimi nikainama chini ya meza nikajifanya naokota kijiko ili asione ninavyofuta machozi.

Hivyo ndivyo bendi ilivyoanza. Mtu na shemeji yake, basi. Muziki wao unaitwa roki mbadala; mbadala wa nini, nimeuliza miaka kumi na sita sijajibiwa. Ninavyouelewa mimi ni roki ya watu wasiopenda kujionyesha. Gitaa linaunguruma, ngoma zinapigwa kama za kufukuza nyani shambani, halafu juu yake mdogo wangu anaimba kwa sauti ya mtu anayekusimulia lililomtokea leo asubuhi. Hawana mpiga besi. Mume wangu alilifungia gitaa nyaya mbili, mmoja unakwenda kwenye spika ya kawaida, wa pili kwenye spika nzito inayotoa mngurumo wa chini, kwa hiyo mpigaji mmoja anasikika wawili.

Onyesho la kwanza lilikuwa katika ukumbi wa chuo cha ufundi, saa kumi alasiri, watazamaji kumi na mmoja ukinihesabu mimi na fundi wa taa. Msimamizi wa ukumbi alikuwa amewawekea maikrofoni tano. Akasubiri, akatazama saa, mwishowe akauliza wenzao wako wapi. Mdogo wangu akababaika. Mume wangu, sijui alipatwa na nini, akatania kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Wengine wanakuja," alisema.

Wakaanza. Kufika wimbo wa tatu yule msimamizi alikuja kuniuliza mimi kama hao wengine wamepotea njia. Jina likabaki hilohilo, Wengine Wanakuja, na mpaka leo wako watu wanaotoka kwenye maonyesho yao wakilalamika kwamba hawakuwaona.

Sasa kuna jambo moja la kazi yao lazima nilieleze, maana ndilo lililotaka kutumaliza. Bendi nyingine zina mtu wa kuhesabu: mpiga ngoma anagonga vijiti mara nne, wote wanaingia. Hawa hawakuhesabu. Siku za mwanzo gerejini niliwasikia kwa masikio yangu. Anza wewe, shemeji. Hapana, wewe ndiye mkubwa, anza. Hapana, wimbo ni wako. Robo saa nzima ya adabu, gitaa liko begani. Mwisho wakapatana wakae wakitazamana, ubavu kwa watu. Mume wangu anautazama mguu wa kulia wa mdogo wangu unavyogonga sakafu, mdogo wangu analitazama bega la kushoto la mume wangu, wanavuta pumzi pamoja, wanaanza. Hakuna kiongozi. Waandishi wa magazeti walilipenda mno jambo hilo, wakaliandika kwa maneno makubwamakubwa ya sanaa. Ilikuwa heshima ya mashemeji, hakuna kingine. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia mmoja akimwambia mwenzake, hapa umekosea.

Na walipanda, nisiwanyime haki yao. Walirekodi nyimbo zao katika chumba kilichofunikwa magodoro kuta zote, redio zikazipiga, wakaanza kuitwa miji mingine. Mume wangu alikuwa akiwaomba radhi wateja wa mageti, mdogo wangu akichora vyoo na vyumba vya watu ndani ya basi, karatasi juu ya mapaja. Kutoka watu kumi na mmoja wakafika mia, wakafika mia tatu. Kuna mji mmoja jukwaa lilikuwa dogo hata ngoma kubwa ya mguu ikaanguka kwa watu, na watu wakaishika wakairudisha bila wimbo kukatika. Mwandishi mmoja aliandika kwamba wanapiga kama watu walio ndani ya nyumba inayoungua. Gazeti lile wakalikata, wakalibandika ukutani gerejini. Vijana walikuwa wanafuata huo upigaji wa mbio. Katikati ya wimbo utawasikia wanapaza sauti, kazeni, kazeni, nao wanakaza, wakitoka jukwaani wamelowa chapachapa na mdogo wangu hawezi kujibu salamu.

Mimi nilikuwa nanung'unika. Nanung'unikia kila kitu, ndivyo nilivyoumbwa. Kazi yangu ni kuoka mikate, na jiko langu limepakana ukuta mmoja na ile gereji, ambayo tangu ijengwe haijawahi kuona gari. Niliwaambia mara elfu kwamba ingekuwa stoo nzuri ya unga. Ndiyo maana asubuhi moja mwaka jana, miezi miwili kabla ya onyesho lao kubwa kuliko yote, mume wangu alipoingia jikoni kuniambia anaacha, alidhani ananiletea zawadi.

Alikuwa ameshika kikombe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia, alisema, unakufa ganzi. Ulianzia vidoleni, sasa umefika kiwiko. Onyesho lililopita alidondosha kijiti mara mbili, na kesho yake alishindwa kushika koleo karakana. Daktari alikuwa amemwambia misuli imechoka, aupumzishe mkono au apunguze kasi. Lakini kasi si yake ya kupunguza, ni ya shemeji. Kijana anapenda mbio, nyimbo ni zake, watu wanazitaka hivyo, na yeye amefika miaka arobaini na minane. Ukumbi mkubwa angepiga, watu mia nane, ahadi alikwisha kuitoa. Baada ya hapo angeuza ngoma. Penseli asijue mpaka siku hiyo ipite, asije akaimba kinyonge.

"Utapata stoo yako ya unga," akaniambia.

Nikasema vizuri. Nilisema hivyohivyo, vizuri, nikageuka kukanda unga uliokuwa umekandika zamani. Sikuona stoo yoyote mbele yangu. Nilikiona kile kiti cha kibarazani. Nilijua kabisa kwamba huyu mtu akiziacha ngoma atarudi kukaa pale, na safari hii hakutakuwa na gitaa bovu la kumnyanyua. Akaniapisha nisimwambie mtu, nami nikaapa, mjinga mimi.

Basi kana kwamba hilo halitoshi, oveni nayo ikaamua kuniaibisha.

Niwaeleze ninavyofanya kazi, na msinicheke. Wanaume hawa wanafanya mazoezi Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa tisa alasiri, nyimbo zilezile kumi kwa mpangilio uleule. Siku hizo ndizo ninazooka mikate mikubwa. Miaka ile ya mwanzo nilipima mara moja: nyimbo kumi ni dakika arobaini, na mkate mkubwa unataka dakika arobaini. Nikaachana na saa. Wakianza wimbo wa kwanza naingiza trei, wa kumi ukiisha natoa. Mikono imejaa unga mpaka viwiko, nani ana nafasi ya kutazama saa? Masikio yalitosha.

Lakini ikafika wakati mikate ikawa inatoka imepauka. Nikaongeza moto kidogo. Ikatoka mizuri, baada ya muda ikapauka tena, nikaongeza tena. Ikawa ndiyo mtindo, mwaka baada ya mwaka, mpaka mwaka jana nikafika mahali nje kumeungua na ndani kunanata kwenye kisu. Mwenye duka la kona alinirudishia mikate sita ndani ya mfuko, akaniamkia vizuri na kuondoka, na hiyo salamu iliniuma kuliko tusi. Nikabadilisha koili. Nikabadilisha mpira wa mlango. Nikamlaumu mume wangu kwamba ngoma zake zinatikisa nyaya ukutani. Mwisho nikamwita fundi wa oveni, mzee mmoja mkavu, asiye na simile, mwenye kipimajoto chake mfukoni.

Alikuja Alhamisi. Akapima, akasema oveni ni nzima kuliko yeye. Akauliza naoka dakika ngapi, nikasema arobaini. Akauliza naangalia saa gani. Hapo nikaona haya kidogo, nikamwonyesha ukuta, maana wimbo wa kwanza ndio ulikuwa unaanza. Akanitazama kwa huruma, nadhani alifikiri ni moshi umenipanda kichwani. Lakini alikuwa mtu wa kazi. Akavua saa yake ya mkononi, akailaza mezani, akavuta kiti. Tukakaa pale tukisikiliza, mimi nimeshika kitambaa, yeye amekunja mikono. Wimbo wa kumi ulipoisha akaigeuza saa niione.

"Dakika ishirini na sita, mama," alisema. "Mtambo wako mzima. Wabovu ni hao wa upande wa pili."

Nilimsindikiza mpaka mlangoni, nikarudi nikakaa juu ya gunia la unga. Dakika kumi na nne zilikuwa zimeyeyuka na hakuna aliyezisikia zikienda. Nikainuka nikapekua kabati mpaka nikaipata kaseti ya onyesho la kwanza, nikaisikiliza peke yangu chumbani, na safari hii saa ikiwa mkononi. Wimbo wa kwanza pekee ulikuwa karibu dakika tano. Na una maneno! Nilikuwa nimesahau. Wimbo wa pili ni wa mama yetu, anatafuta miwani nyumba nzima, anatulaumu sote, na miwani iko kichwani mwake. Nilikuwa nimeusikia wimbo huo mara tatu kwa wiki na nilikuwa sijamwona mama ndani yake kwa miaka.

Kesho yake mdogo wangu, ambaye siku hizi ana kwake, alipitia mkate, nikamkalisha. Nilimwuliza kwa upole, mimi mwenyewe nikijishangaa, mbona siku hizi mnakimbia hivyo. Akatazama mlango. Akaitoa penseli sikioni, akaizungusha, akairudisha. Halafu akasema nisimwambie shemeji.

Siri nyingine.

Pumzi hazimtoshi tena, alisema. Kuna mistari anaimeza yote, anafumbua mdomo tu, watu wanadhani anaimba. Koo linamwasha siku tatu baada ya kila onyesho. Lakini Cheche anafurahia mbio, ndiyo raha yake iliyobaki, na yeye atamwambiaje mtu aliyemchukua akiwa hana mbele wala nyuma kwamba punguza? Alikuwa amekwisha kuamua. Baada ya ukumbi mkubwa angemtafutia shemeji mwimbaji kijana mwenye mapafu, yeye akae pembeni achore ramani zake.

"Wewe huzitaki hizo mbio?" nikamwuliza.

"Mimi nafuata bega lake, dada."

Nilicheka. Sikukusudia, lakini nilicheka mpaka nikashika meza, na yeye ananitazama akidhani nimerukwa na akili. Kisha hasira zikanipanda kutoka miguuni. Miaka kumi na sita! Mmoja mkono umekufa, mwingine koo limechubuka, mikate yangu inarudishwa mfukoni, na yote hayo kwa sababu watu wawili wazima wanaoneana haya. Nikafungua dirisha nikamwita mume wangu kwa sauti ambayo mtaa mzima uliitika.

Nikawakalisha huku na huku mezani, saa ya ukutani nimeiteremsha iko katikati yao, nikawasha kaseti. Nilivunja kiapo changu palepale, na sijutii. Niliwaambia kwamba huyu mkono wake unakufa ganzi na anataka kuuza ngoma, na huyu pumzi zimemwisha na anataka kutafuta wa kumrithi, na kila mmoja anaondoka ili asimuudhi mwenzake. Nikawauliza nani kati yao anayependa kukimbia. Kaseti ikaendelea, taratibu, mdogo wangu wa wakati ule akivuta pumzi kati ya mstari na mstari bila wasiwasi wowote.

"Mimi nilikuwa nautazama mguu wako," mume wangu alisema mwishowe.

"Nami bega lako, shemeji. Nilidhani unanihimiza."

"Nikuhimize twende wapi?"

Hapo wakacheka wao, cheko la aibu, wakitazama meza. Lakini mume wangu alipoinua uso kunitazama mimi, hakuwa anacheka. Niliapa na nimevunja, na kwake yeye kiapo si mchezo. Nikamwambia anichukie akitaka, ila anichukie akiwa anapiga ngoma. Na kwa kuwa nilikwisha kuanza, nikamwambia mbele ya mdogo wangu jambo ambalo sikuwahi kumwambia hata chumbani, kwamba mimi sihofii mkono, nahofia kile kiti. Kwamba miezi minne niliishi na mtu aliyekuwa kibarazani na hakuwepo, na sina nguvu za kuirudia.

Aliisogeza ile saa pembeni.

"Miezi minne?" akauliza. "Mimi nilijua ni wiki mbili, tatu."

Basi nikamwona anaihesabu kichwani, miezi hiyo, mmoja mmoja. Hakusema pole. Alinyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akaukamata wangu juu ya meza mbele ya shemeji yake, jambo ambalo si kawaida yake hata kidogo. Mdogo wangu akajifanya anaisikiliza kaseti.

Zilikuwa zimebaki wiki tano. Msidhani kupunguza mbio ni kazi rahisi. Siku ya kwanza walisambaratika kila wimbo, ngoma huku, gitaa kule, nami nikiwa nyuma ya ukuta nauma kitambaa. Ilibidi mtu mmoja ahesabu. Na kweli, wakaanza tena: hesabu wewe, shemeji, hapana, wewe ndiye mwenye nyimbo. Nikaingia gerejini na mwiko mkononi, nikasema mwenye vijiti ndiye mwenye kuhesabu, na atakayebisha ataoka mikate yeye. Hiyo hoja ikaisha. Siku baada ya siku wimbo ulirefuka, mdogo wangu akawa anaondoka mazoezini na sauti yake kamili. Mkono ndio uliokuwa mgumu. Siku nyingine unatulia, siku nyingine unakufa tena kufika wimbo wa saba. Mume wangu hakunidanganya. Alisema gerejini hakuna watu. Ukumbini watu wakishapiga kelele, mguu wa Penseli utakimbia na yeye ataufuata, maana amezoea, na wakikimbia nyimbo zote kumi mkono hautafika mwisho. Ikiwa hivyo, basi, ataacha. Nikamwambia nimeelewa. Nilielewa, lakini usingizi haukurudi.

Ukumbi mkubwa ulikuwa na viti vyekundu na harufu ya rangi mpya. Ilikuwa Jumapili, saa kumi jioni, na viti vyote vimejaa. Nilikaa safu ya mbele, upande wa ngoma, roho mkononi. Mume wangu akagonga vijiti mara nne. Wimbo wa kwanza ukaingia mzito, taratibu, nikaona watu wanatazamana. Nyuma yangu mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba wazee wamechoka. Nilitamani kugeuka nimtie adabu, nikajizuia kwa heshima ya viti. Wa pili ukaja, wa mama na miwani, na safari hii yale maneno yalisikika mpaka nyuma kabisa. Watu wakacheka. Walikuwa na nyimbo hizo majumbani mwao miaka mingapi, na ndiyo kwanza wanamcheka mama.

Wa tatu ndio ule waliokuwa wanausubiri. Ukumbi mzima ukasimama, makofi yakaanza, yakiitangulia ngoma kidogo, yakivuta. Sauti ikatoka kule nyuma, kazeni! Nikautazama mguu wa mdogo wangu. Ukaanza kukimbia. Niliuona, na nikamwona mume wangu naye anauona, bega lake limekwisha kupanda, tayari kuufuata. Nikajua yamekwisha.

Akafumba macho.

Miaka kumi na sita hakuwahi kufumba macho jukwaani. Akayafumba, akapiga palepale alipohesabu, asisogee hata kidogo. Makofi yakampita, gitaa likampita, na kwa muda ikawa fujo tupu, kila mtu na njia yake. Nilikamata mkono wa kiti, kumbe nimekamata mkono wa mama wa watu aliyekaa jirani, naye akaniachia tu. Halafu mdogo wangu akainua uso. Akamwona shemeji yake yuko peke yake kule nyuma, macho yamefumbwa, hamfuati mtu. Mguu ukasita. Akaacha nyuzi zinyamaze pumzi moja, akasikiliza, akaingia tena, safari hii yeye ndiye anayefuata. Makofi yalihangaika kidogo, yakatafuta, yakarudi yakiwa sawa. Sikumbuki wimbo wa nne wala wa tano. Nilikuwa nahesabu vijiti mikononi mwa mume wangu, kimoja, viwili, kimoja, viwili, nikiomba visipungue.

Msimamizi wa ukumbi alisimama pembeni ya jukwaa akionyesha saa yake, wamepitiliza, na hakuna aliyemtazama. Wimbo wa kumi ukaisha. Mdogo wangu akainama kwa watu kama kawaida. Mume wangu hakuinuka. Alibaki ameketi nyuma ya ngoma, kichwa chini, anautazama mkono wake wa kulia, anaufumba na kuufumbua. Nilipanda ngazi za pembeni, mlinzi ananizuia, mimi namsukuma, mpaka nikamfikia nikachuchumaa mbele yake. Nikamwuliza kama umekufa tena.

Akanyoosha ule mkono, akaniwekea vidole shavuni, akaviacha pale.

"Unawaka moto," alisema. "Na umelowa machozi. Navisikia vidole vyote vitano."

Nikakaa sakafuni, katikati ya nyaya, nikalia kwa sauti mbele ya watu mia nane, wengi wao wakidhani nimeletewa habari ya msiba. Mdogo wangu akaja mbio, gitaa bado liko shingoni, anauliza kuna nini, dada, kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, mkono ni mzima, aniache nilie.